Nirudi Ee au Nirudie

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kibanda cha kunyolea hakijambo? Na ile redio kaseti yako, bado mlango umeufunga kwa mpira? Mimi mzima, isipokuwa mikono inachubuka kwa sabuni. Dobi wa hoteli hapumziki. Shuka likitoka, jingine linaingia.

Nina habari. Jumamosi nimewasikia vijana wa ukumbi wa jirani wameurudia wimbo wetu, ule wa Mwanzi Jazz. Saksafoni wameitupa, wametia kinanda. Nilitaka kuondoka kwa hasira, miguu ikagoma. Kisha kwenye kiitikio mwimbaji akatamka waziwazi: “Nirudi ee?” Anauliza, Mjomba! Na wewe tangu nikiwa mdogo unanibishia kwamba ni “Nirudie”, eti anambembeleza mwenzake. Leo umekwisha.

Mpwa wako

27 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Huku wote salama. Mwili unadai haki yake ya uzee, nami naukopesha kidogo kidogo.

Mwanzi Jazz bila saksafoni? Hao hawakuurudia wimbo, wameuibia. Neno ni “Nirudie”. Yule bwana kaachwa, na mtu aliyeachwa hana nafasi ya kuuliza maswali. Lakini nitafanyaje, sikio la kufa halisikii dawa.

Kazi inakwenda. Juzi nimemnyoa mwalimu mkuu kichwa kizima, kumbe alisema nimpunguze tu. Amekuja juu huyo! Nikamwambia kichwa kizuri hivyo hakifichwi.

Nirekodie hao vijana niwacheke.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba, shikamoo. Natumai hamjambo nyote, na mwalimu mkuu ameanza kuota nywele.

Vijana wamekataa kurekodiwa, wanajiona mabwana wakubwa. Basi nimeimba mwenyewe, na mwenzangu wa chumbani akanipigia tumba kwenye beseni. Kaseti imo ndani ya bahasha. Usicheke.

Isikilize ukiwa peke yako, mpaka mwisho. Baada ya wimbo nimesema neno ambalo kuliandika nimeshindwa. Nasubiri jibu.

Mpwa wako

11 Aprili

Mpwa wangu, marahaba, na hongera.

Kaseti imefika. Nimefunga kibanda mchana kweupe, wateja wakabaki wanagonga mlango. Umeimba, mtoto! Mama yako mtupu. Vijana wa ukumbini wakafute vinanda vumbi.

Na lile neno la mwisho nimelisikia, limenifurahisha sana. Endelea hivyo hivyo huko, usibadilishe kitu.

Mjomba wako

2 Juni

Mpwa wangu, hujambo? Barua yangu ya Aprili ulipata? Tuandikie hata mstari mmoja.

Mjomba wako

20 Julai

Mpwa wangu,

Sijui kama u mzima, na hilo linaninyima raha. Nimeisoma tena na tena barua ile niliyoiandika, maana nakala yake iko kichwani, na nadhani najua nilipokuumiza.

Sikusikia. Sikio la kushoto lilianza mwaka juzi, la kulia likafuata. Nilikutania kwa methali ya sikio la kufa, kumbe nalitaja langu. Mwanzi Jazz naipiga bado kila siku: naweka kiganja juu ya spika, besi inatembea, najua wimbo umefika wapi, mengine naimba moyoni. Wewe hukuwa na besi. Beseni lilinigonga kidogo kiganjani, halafu likanyamaza. Nilikaa nimeishika redio mpaka kaseti ikaisha. Kumbe ndipo ulipokuwa ukisema.

Ningemwita mtu anisikilizie, lakini uliagiza niwe peke yangu. Na niliogopa. Kinyozi asiyesikia, nani atampa kichwa chake? Wewe nawe, tangu nikulee, mazungumzo yetu yote ni nyimbo. Niliona nikikwambia, hutakuwa na la kuniandikia.

Ulisema nini, mwanangu? Jikaze uandike.

Mjomba wako

9 Agosti

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha kufulia, nikalia mpaka msimamizi akadhani nimeungua na pasi. Nilijua umenikataa. Uliandika “endelea hivyo hivyo huko”, nami nikaendelea. Hata ukumbini sikwenda tena. Wakianza ule wimbo nafunga dirisha.

Unakumbuka nilivyoondoka kwa mbwembwe, nikaapa mbele ya majirani kwamba sirudi mikono mitupu? Basi ni mitupu, na imechubuka. Nimewakumbuka mno. Nakumbuka hata harufu ya spiriti unayowapaka wateja kisogoni. Lakini nikiwaza wale majirani, kalamu inagoma.

Nilichosema mwisho wa kaseti ni kiitikio tu, bila tumba, bila kuimba. Nilikuwa nakuuliza wewe.

Nirudi ee?

Mpwa wako

30 Agosti

Mpwa wangu, marahaba.

Sisi hatujambo. Majirani niachie mimi, vichwa vyao vyote viko mikononi mwangu na wembe ninao.

Neno lenyewe nilikwambia tangu ukiwa mdogo, ukawa unabisha. Sasa nakuandikia, tuyamalize.

Nirudie.

Mjomba wako