Keria Haitolewi

Mama Nekesa,

Natumaini mahindi yameota na nyote mko wazima. Hapa Kibera ni mvua tu.

Jana fundi wa baiskeli pale Laini Saba aliniambia, "Mzee, toa hii keria ya nyuma, mlima utakuwa rahisi. Kwani unabeba nani?" Nikakubali nirudi kwake leo aifungue. Nikiteremka kwenda Silanga, baiskeli ikateleza kwenye tope, nikashika breki, na mdomo ukajisemea: "Nishike kiuno, Mama Nekesa!" Muuza mboga za sukuma kando ya njia akacheka: "Baba, huko nyuma hakuna mtu!"

Leo nimemwambia fundi akaze nati tu, keria ibaki hapo hapo. Kigodoro chako bado nimekifunga juu yake.

Nisalimie watoto. Mungu akutunze mpaka siku utakapokikalia tena.

Baba Nekesa