Wageni wa Mutwiri Walikuuliza Maswali Mengi

Baba,

Kahawa tumeipalilia, na Mama ameacha kuegemeza kiti mlangoni usiku, kama ulivyomzoesha. Hapa kijijini Majimbo majirani bado wanakuita mtu wa kilimo. Hata padre alisema hivyo kaburini, na wale wanaume wenye suti waliotoka Nairobi wakaitikia amina bila kupepesa macho!

Mmoja wao nilimjua, Njeru, dereva wako wa zamani. Alinivuta kando, karibu na zizi, akaniambia ulimchunguza Mutwiri miezi sita. Mutwiri wangu, mwalimu wa watu kule Meru! "Hatukupata kitu," akasema. "Ndiyo maana Mzee alikataa akuoe. Alisema mtu asiye na doa kuna aliyemwosha."

Nilitaka kucheka, Baba. Nikalia.

Wazee wa Mutwiri walipokuja na asali na fungu la miraa kuomba uchumba, waliuliza ukoo wa Mama, ndugu zako wako wapi, wewe ulifanya kazi gani. Wazee wa Meru huuliza hivyo, ni heshima, kijana asije akaoa dada yake. Lakini wewe, uliyezeeka ukinasa majasusi na kuwa mkubwa wa wanaowanasa, uliweka kikombe chini ukasema, "Maswali haya yamepangwa." Si yamepangwa kweli? Babu zao ndio waliyapanga! Miaka minne yangu ikaenda hivyo, kwa sababu ya adabu ya watu. Nimekukasirikia sana, na bado nakupenda, sijui nifanye nini.

Mutwiri alikuja kukuzika. Alishika sepetu mpaka mwisho. Juzi aliniomba tena tuoane, nami nimekubali.

Lakini mbona Njeru aniambie sasa? Nani amemtuma? Na Mutwiri alijuaje umefariki, na sikuwa nimempigia? Tangazo lilisomwa redioni, najua. Najua kabisa. Jana simu yake ililia akatoka kuongea uani, nami nikajikuta nyuma ya pazia nikisoma midomo yake, vile ulinifundisha nikiwa darasa la tano nikidhani ni mchezo. Ona ulichonifanya, Baba.

Pumzika sasa, kazi yako imeisha. Nakuahidi nitaolewa naye. Na kabla ya harusi nitamwambia mwenyewe ulikuwa nani.

Nitamtazama usoni nikimwambia, nione kama alikuwa anajua.

Binti yako,
Wanja