Hawataifuta Saa Mbili Yetu

Mama Neema, mke wangu,

Nimekaa mbele ya nyumba yetu hapa Bashay, kompyuta iko juu ya meza uliyozoea kuchambulia maharage, na nina hasira. Unaijua hasira yangu: haipigi kelele, inaeleza. Kwa kuwa wewe ndiye uliyevumilia maelezo yangu kwa maisha yote ya ndoa yetu, nimeona nikueleze wewe kwanza, na wengine wakitaka wasome.

Wanataka kuifuta saa yetu kwenye programu.

Wewe ulikuwepo, lakini wanaosoma hawakuwepo, kwa hiyo niruhusu nianzie mwanzo. Najua ungekuwa hapa ungesema, "Haya, somo limeanza."

Unakumbuka Katesh, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga, tunaandika "Arusha" kwenye bahasha kwa mazoea halafu tunakata. Mimi nilifundisha hisabati sekondari. Wewe ulikuwa muuguzi wa kituo cha afya, binti wa Songea uliyeletwa na serikali kwenye baridi ya Mlima Hanang ukakataa kuondoka. Soko huria lilikuwa limetuletea minara ya simu, kompyuta za mitumba, na chumba kimoja cha intaneti kando ya barabara ya Singida, chenye jenereta iliyokohoa kuliko wagonjwa wako. Kituo chenu nacho kikapewa kompyuta ya msaada, na ndani yake programu ya kupanga miadi ya wagonjwa.

Programu ile ilikuwa huria. Maana yake, maandishi yote yanayoiendesha yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Akitaka, anawatumia wasimamizi marekebisho yake, nao wakiona yanafaa wanayaingiza, na dunia nzima inayapata. Nilipokueleza hivyo, ulifikiri kidogo ukasema, "Kumbe ni msaragambo, kijiji kizima kwenye kazi moja." Nimesoma vitabu vizima juu ya jambo hili, Mama Neema, na sijaona maelezo yanayoyazidi hayo.

Mtu fulani alikuwa ameitafsiri programu kwa Kiswahili, na maneno yake yalikuwa mazuri. Saa tu ndizo zilizobaki ugenini. Daktari wa miguu ya watoto alikuwa anakuja kwenu kutoka mbali, mara moja moja; anaanza kazi asubuhi na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Kompyuta ikachapa kadi zake zote: Saa 8:00. Walioiandika programu walihesabu kutoka usiku wa manane. Kina mama wa Hanang walihesabu kama bibi zao, kutoka kuchomoza kwa jua. Wakasoma saa nane.

Ulinisimulia jioni ile hata sare hujavua. Mama Tluway ameshuka kutoka mlimani na mtoto mgongoni, mtoto mwenye miguu iliyopinda, anayetakiwa kubadilishiwa plasta. Kafika saa nane kamili, anatabasamu kwa sababu amewahi. Gari la daktari limeshaondoka. Mkuu wako wa kituo akasema mbele ya watu:

"Watu wa huku, bwana! Ukimwambia asubuhi, yeye anakuja mchana. Muda kwao si kitu."

"Dokta, naomba usome kadi yake," ukamwambia.

"Nimeisoma."

"Isome kwa sauti. Kwa Kiswahili."

"Saa na..."

"Malizia tu, Dokta. Halafu utuambie sasa hivi ni saa ngapi."

Watu kwenye benchi walicheka. Mama Tluway hakucheka. Mtoto wake angesubiri mpaka ziara nyingine, na mifupa ya mtoto haimsubiri mtu. Ndiyo maana na wewe hukucheka uliponisimulia.

"Yule mama hakuchelewa, Baba Neema. Kompyuta ndiyo iliyomchelewesha. Irekebishe."

"Mimi mwalimu wa hisabati, sio fundi."

"Kutoa sita sio hisabati?"

Basi nikajifunza. Kila Jumamosi nilikaa katika chumba kile cha intaneti nikisoma jinsi ya kuiandikia kompyuta maagizo, mpaka mwenye chumba akawa ananitania, "Mwalimu, unasoma au unasali?" Nilikuwa nafanya yote mawili. Hatimaye nikapata mahali panapochapa saa, nikaiagiza itoe sita. Nane ikawa mbili. Nikatembea mpaka kituoni kwako kama mtu aliyeua simba. Wewe, kwa uchokozi wako, ukaiambia programu ipange mgonjwa wa alfajiri, jua likichomoza. Ikachapa: Saa 0:00.

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Saa sifuri! Mwalimu, hiyo ni saa ya kuzaliwa au ya kufa?"

Sita ukitoa sita, sifuri. Mwalimu wa hisabati hakuliona hilo. Nikairekebisha, sifuri ikawa kumi na mbili. Kisha nikaongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, maana saa tisa ya mchana na saa tisa ya usiku si ndugu. Kila nilichokileta ulikijaribu kwa saa zote za siku, kwa utulivu uleule uliokuwa nao ukimpima mgonjwa joto. Hukunipa hata alama moja ya bure.

Tukawatumia wasimamizi. Jibu likaja, la adabu kabisa: mpangilio wa saa ni wa kimataifa, watumiaji wa kwenu wanaweza kufundishwa, au watoe sita kichwani. Nilikusomea ukiwa unapepeta mahindi. Hukuacha kupepeta.

"Watoe wao. Si ndio wenye kompyuta? Na hao watumiaji wafundishwe nini, kuchelewa?"

Barua iliyofuata niliandika mimi kwa Kiingereza changu cha darasani, lakini maneno yalikuwa yako: hatuombi hisani, tunaripoti kosa, programu inayomwambia Mswahili kwamba ni saa nane wakati ni saa mbili inasema uongo. Tukaendelea na kazi zetu. Kisha mwanamke mmoja wa Ethiopia, mwandishi wa programu ambaye hatukumjua, akaingia katika mjadala ule wa wazi. Aliandika kwamba kwao pia siku inaanza na jua, kwamba ameyajaribu maandishi ya mwalimu wa Tanzania, na yanafanya kazi. Baada ya hapo yakaingizwa.

Hukupiga vigelegele. Ulikaa mbele ya mashine ukachapa kadi ya Mama Tluway kwa mkono wako: Saa 2:00 asubuhi. Safari hiyo yeye ndiye aliyemkaribisha daktari. Mtoto yule leo ni kijana, anaendesha bodaboda Katesh, na anakanyaga breki kwa mguu ulionyooka.

Ila saa yetu waliiingiza kama chaguo la pembeni, limefungwa, mpaka mtu alitafute mwenyewe kwenye mipangilio. Ukasema, "Wametupa kiti, lakini wamekiweka nyuma ya mlango."

Tangu ulipotutoka nimeendelea kuitunza, bila jina langu kuandikwa popote. Kila programu ilipotoka upya nilizijaribu saa zetu, peke yangu, kwa saa zote kama ulivyonifundisha. Nakiri kwamba nikifika ile ya alfajiri huwa nasubiri mtu acheke.

Sasa wametangaza kwamba katika toleo jipya wataondoa sehemu zisizo na mlezi wala watumiaji, na yetu imo. Wanaandika: "Hakuna anayeonekana kuitumia." Mtu anafunga mlango, kisha anashangaa kwamba hapiti mtu!

Neema alinipigia kutoka Arusha. Amekuwa mhasibu mzuri, ana ulimi wako.

"Shikamoo, Baba. Achana nao. Siku hizi kila mtu ana simu, na simu zote zina saa za Kizungu. Watu wamezoea."

"Marahaba, mwanangu. Kikao cha harusi ya rafiki yako uliniambia kinaanza saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Hebu angalia simu yako, kwa hiyo saa kumi itakuwa imeandika nini?"

"Kumi na sita. Aa, Baba, na wewe!"

Hilo ndilo ninalolikataa, Mama Neema. Mnadani pale Katesh muuza ng'ombe anatazama namba moja kwenye simu na kutamka nyingine, siku nzima, maisha yake yote. Anaifanyia mashine hesabu ambayo mashine ingemfanyia yeye. Hakuna anayemsifu. Siku akikosea mara moja, anaambiwa watu wa huku hawajali muda. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na najua kutofautisha mtu asiyejua kuhesabu na mtu aliyepewa swali lililokosewa.

Kwa hiyo nimewajibu. Sikuomba saa yetu ibaki. Nimetaka iwe ya kwanza. Nimewatumia maandishi mapya: yeyote atakayechagua Kiswahili atakutana na saa za jua papo hapo, na anayetaka zile nyingine ndiye atakayezitafuta. Mahali pa jina la mlezi nimeandika langu. Msimamizi wa sasa, kijana mpole, ameniuliza kwa heshima nani ataitunza nisipokuwepo, kwa umri wangu. Nimemwambia swali ni zuri, awaulize na vijana wenzake. Kisha nimempa majina ya walimu wawili wa sekondari ambao nimekuwa nikiwafundisha maandishi haya mstari kwa mstari, na nimemkumbusha kwamba programu ni huria. Wakikataa, leseni yao wenyewe inaniruhusu kuichukua nzima, kuipa jina jingine na kuendelea.

Jibu halijaja, na silingojei. Kesho naenda kwenye kituo chako cha zamani kuifungua saa yetu katika mashine zao mpya, ili asitokee tena mtu wa kusema haina watumiaji. Muuguzi wa zamu, binti ambaye sijapata kumwona, amenitumia meseji: "Shikamoo Babu, njoo saa tatu."

Sikumuuliza saa tatu ya nani.

Pumzika, mke wangu. Mabishano niachie mimi.

Mumeo,
Baba Neema