Kichwa Nilichokikata Pichani

Jumapili. Rasharasha tangu alfajiri, na ile baridi ya Julai inayoingia mpaka ndani ya soksi.

Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika sitalala. Mama alifariki Jumanne. Jumamosi ijayo tunamzika nyumbani Bungoma, na kaka yangu Wafula, kifungua mimba wetu, anatafuta picha ya kuweka kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Anataka ile ya zamani, Mama akiwa bado kijana. Iliyobaki ni moja tu, na familia yote inajua ilipotea tulipohamia Dandora.

Haikupotea. Ninayo mimi.

Miaka ya sabini tulikaa Baba Dogo, chumba kimoja, wazazi na watoto watatu. Kinyozi wetu alikuwa Mama. Kila shule ikikaribia kufunguliwa alitupanga nje karibu na mfereji, akatunyoa kwa wembe aliouegemeza kwenye kitana. Wafula kwanza, halafu dada yangu Nafula, mimi wa mwisho, wembe ukiwa umeshakuwa butu na Mama ameshachoka. Tuseme ukweli, hakuwa na mkono wa unyozi. Tulitoka pale na vichwa vya ngazi ngazi, ila hakuna aliyejali, maana watoto wa wapangaji wote wa ploti ile walinyolewa hivyo.

Shida ilikuwa mara ile moja. Nilikuwa na miaka minane. Baba, aliyekuwa kibarua kiwandani, alikuwa amepanga kesho yake twende studio tukapigwe picha, ili bibi kule nyumbani atuone. Mama ananinyoa, mimi nageuka geuka kutazama wenzangu wakiruka kamba. Wembe ukateleza. Ukaondoka na nywele zote za juu ya paji, upana wa kiganja cha mtoto. Akajaribu kusawazisha, akaharibu zaidi.

"Oneni uwanja wa ndege!" wakapiga kelele watoto wa ploti. Hilo likawa jina langu hadi Krismasi.

Kesho yake nililia nifungwe kitambaa. Baba akakataa katakata. "Kitambaa cha nini? Kwani tunaenda matanga?" Basi tukaenda. Mpiga picha alipotupanga sisi watoto na Mama, Mama alinivuta mbele yake, akaniwekea mkono wa kulia kichwani, vidole vikashuka hadi kwenye paji.

"Haya, piga sasa," akasema.

Mkono haukutosha. Katikati ya vidole kipara kilionekana.

Nilipofika miaka kumi na minne nilijiona mrembo, na kila mgeni akija, picha ile ndiyo iliyoshushwa ukutani. Siku moja msichana niliyesoma naye aliicheka mpaka akakaa chini. Alipoondoka nilichukua wembe, nikakikata kichwa changu, mviringo safi kabisa, nikakitupa chooni.

Mama ndiye aliyeona. Sikuchapwa. Aliishika ile picha kwa muda mrefu.

"Kichwa ni chako, Nasimiyu, sikatai. Mkono wangu je, umeupeleka wapi?"

Sikuwa nimeuona. Naapa sikuwa nimeuona. Miaka sita nimeitazama picha ile, nikaona kipara tu.

Nilipaswa kuomba msamaha pale pale. Badala yake nilinuna. Mwaka ule ule tukahamia Dandora, Mama akawaambia wengine picha imepotelea njiani. Siri hiyo alinitunzia mpaka kufa kwake. Mwaka jana alinipa bahasha, akasema, "Weka." Nilijua ni nini, wala sikuifungua mbele yake. Nilipewa mwaka mzima wa kusema nisamehe, nikautumia kumuuliza kama amekula dawa.

Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata kifo chenyewe.

Leo mchana nimeipeleka kwa Wafula, na kuwaeleza yeye na Nafula yote. Nafula ametoka nje bila kuniangalia. Wafula amesema yuko fundi wa kompyuta mjini anayeweza kuliziba lile shimo, auondoe mkono mpaka begani, aweke gauni na ukuta. Hakuna atakayejua. Mama atasimama pale na watoto wawili, picha nzuri isiyo na kasoro.

Karibu nikubali. Aibu itakayozikwa naye ni rahisi kuliko aibu ya kusimama nayo mbele ya watu.

Lakini nilishaukata mkono ule mara moja. Siwezi kumlipa mtu aukate tena. Nimemwambia Wafula iende hivyo hivyo, na shimo lake. Ameitikia kwa kichwa.

Watu wa nyumbani nawajua, watauliza. Watataka kujua yule mama kijana mkono wake umeshika nini. Jumamosi nitasimama kando ya jeneza, niwaambie: alikuwa ananifunika mimi.