Flashi Iliyowatimua Korongo

Bi Verna mpendwa,

Naomba unisaidie kuchagua kamera, na acha nikueleze kwa nini, maana nyumbani kwangu hapa Kearney suala la kamera limegeuka suala la ndoa. Mwaka jana nilinunua kamera ya digitali ya lenzi za kubadilisha, ile ya wanaoanza, na kusema kweli sikuwa na malalamiko, ni nyepesi, inakaa vizuri mkononi, betri haiishi hata ukipiga picha kutwa, ukichungulia kwenye kidirisha chake unaona kitu chenyewe kilivyo wala si skrini, na picha nilizompiga mke wangu Jolene kwenye maonyesho ya kaunti, mchana wa jua, zilitoka nzuri mpaka mama yake akatundika moja sebuleni.

Basi Machi hii baba mkwe wangu, mzee Lumir, ambaye kwa miaka mingi amejitolea kuwaongoza wageni kwenye vibanda vya kutazamia korongo, wale ndege warefu wanaopita hapa kila Machi, kando ya Mto Platte, alinipatia nafasi, na unajua nafasi hizo zinavyogombaniwa, tukaingia kibandani kabla ya alfajiri, baridi inauma, hakuna anayekohoa, na mlangoni mzee akawa anamuuliza kila mtu kwa kunong'ona. Kwangu akasema, "Mwanangu, flashi umeizima?" Nikamjibu, "Imezimwa, baba, usiwe na wasiwasi." Hakuridhika. "Nina selotepu nyeusi hapa mfukoni, tuizibe tu." Nikamwambia, "Baba, hii kamera ina akili kutushinda mimi na wewe." Akacheka, akanipisha.

Kulipoanza kupambazuka, korongo maelfu kwa maelfu wamesimama majini, nikaelekeza lenzi, nikabonyeza, na ile kamera, Bi Verna, ikainua flashi yenyewe bila kuulizwa, kibanda chote kikawaka, na mto mzima ukaruka kwa pamoja kwa kelele ambazo sitazisahau, mama mmoja aliyesafiri kutoka Ontario akaanza kulia, na mwanamume mmoja akauliza, "Ni mjinga gani huyo?" Kabla sijafungua kinywa mzee akasema gizani, "Kiongozi hapa ni mimi, na kamera nazikagua mimi. Kosa ni langu, mnisamehe." Nami nikanyamaza. Wageni wakalalamika, wasimamizi wakamwambia mzee apumzike msimu huu, hawakuuliza kamera ilikuwa ya nani. Jumapili tunakula kwake chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini kama kawaida, hanisemi neno, ananiuliza habari za kazi, na Jolene ananiambia, "Angekutukana, ningepata usingizi."

Picha yenyewe imetoka mbao za dirisha zimeng'aa na nyuma yake giza tupu. Nimefikiri ninunue kamera ya daraja la juu, isiyo na flashi ya kujiinulia, inayoona gizani, ili mzee aone nimejirekebisha. Ninunue ipi?

Trent, Kearney

*

Trent,

Nianze na kamera kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza. Hiyo uliyo nayo inakutosha. Mimi mwenyewe ninayo ya daraja hilohilo na ubovu wake naujua. Jua likizama picha zinajaa chenga. Kitu kikitembea inasitasita kukishika, kioo chake cha ndani kinapiga kacha inayosikika kanisa zima, na lenzi iliyokuja nayo haifiki mbali, korongo anatoka kama nzi. Manyunyu nayo haiyapendi. Lakini katika hayo yote hakuna lililowatimua wale ndege. Uliiacha kwenye alama ya kijani, maana yake uliiambia iamue yenyewe, na hiyo ikiona giza huwasha flashi. Ilifanya kazi uliyoipa. Zungusha kigurudumu cha juu uitoe kwenye kijani, kisha jioni moja kaa nayo jikoni ujifunze. Kama pesa inakuwasha mfukoni, tafuta lenzi iliyotumika inayoingiza mwanga mwingi, na mwili wa kamera uuache ulivyo.

Sasa tuje kwenye lililokufanya uandike. Mlangoni ulijibu usichokijua. Kuuliza si ujinga, ungesema "Baba, ya hii huzimwaje?" mzee angekuonyesha. Hilo nakusamehe, pamoja na ule mzaha wako, maana sijamwona bado mkwe asiyetaka kuonekana mjuzi mbele ya baba wa mke wake. Nakuonea huruma pia, kwa sababu kula mezani kwa mtu uliyemkosea, naye anakupakulia kwa upole, ni adhabu kubwa.

Ila kimya chako sikisamehe. Mzee alikupokea mzigo pale gizani ili usiaibike mbele ya wageni, hakusema atakubebea msimu mzima. Hakusemi kwa ajili ya binti yake, na binti yake anaona, ndiyo maana halali. Wewe uko madukani unalinganisha kamera.

Jumatatu nenda ofisini kwa wasimamizi kwa miguu yako, usipige simu. Waambie: "Flashi ilikuwa yangu. Mzee Lumir aliniuliza nikamwambia imezimwa. Alitaka kuiziba kwa selotepu nikamzuia." Ishia hapo. Usiwasimulie habari za alama ya kijani wala za waliotengeneza kamera. Waombe wamrudishe, na wakitaka kukufungia mlango wewe, kubali. Ukitoka hapo pitia kwa mzee umwambie ulichofanya, umwambie mwenyewe, Jolene asitumwe.

Korongo wakishaondoka Aprili watarudi mwakani, hiyo ndiyo desturi yao. Umri wa baba mkwe wako hukuniandikia, lakini mtu aliyewaongoza watu kwenye mto ule miaka yote hiyo hazihesabu Machi zilizobaki kwa wepesi unaozihesabu wewe. Machi hii bado haijaisha. Mrudishie.

Bi Verna