Kwa Mama Honi, Aliyevipa Sauti Vichwa vya Treni

Ni mwaka sasa, Mama, tangu ulipovua miwani, ukaiweka juu ya meza ya kazi na kusema unakwenda kujinyoosha kidogo. Hukuamka. Mezani uliacha kichwa kidogo cha treni kikiwa wazi, waya zake nje, bila sauti.

Mtaa mzima ulikuita Mama Honi, nawe ukaitika. Wapo walioanza kukuita hivyo kwa dhihaka: mtu mzima, fundi redio wa miaka mingi, eti siku hizi anashinda na vitreni vya mfano. Tunawaambia leo bila kumung'unya maneno: haikuwa michezo. Watu wazima walisafiri na vichwa vyao vya treni wamevifunga kwenye taulo kama watoto wachanga, wakuletee wewe, kwa sababu vilitembea kama bubu nao walitaka vingurume.

Ulianza kwa kumuuliza mwenyewe anakumbuka nini. "Usiniambie namba ya injini," ulikuwa ukisema. "Niambie ilikuwa ikiliaje." Mtu na heshima zake anasimama katikati ya chumba, ananguruma kwa mdomo, nawe hucheki, unatikisa kichwa tu. Kisha unafungua bodi, lile ganda la juu, na kukwangua kile chuma cha uzito kilichomo ndani mpaka spika ipate pa kukaa. Unapachika dikoda, kile kibao kinachobeba milio yote, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Spika unaifungia kwenye kijumba chake na kuziba kila upenyo kwa gundi, maana sauti, ulisema, huvuja kama maji kwenye ndoo mbovu. Na hukurudisha bodi kabla ya kujaribu kwenye kipande kifupi cha reli, kwa umeme mdogo. Tulipokuharakisha ulitutazama juu ya miwani, tukanywea.

Mteja mmoja tu alikushinda: mumeo. Baba aliendesha treni za kweli mpaka alipostaafu, na kile kichwa ulichokiacha wazi ulikuwa unamtengenezea yeye, mfano wa injini yake ya mwisho. Kila ulipomwita asikilize, jibu lilikuwa lile lile.

"Bado."

"Bado nini, mume wangu?"

"Sijui. Ila yangu haikulia hivyo."

"Basi nenda kailete yako nijifunze," ukamjibu, mkacheka mpaka chai ikapoa.

Ulipoondoka, Baba alinyamaza. Alikifunga chumba chako cha kazi, akasema mwaka ukitimia vifaa vyote apewe fundi redio wa ng'ambo ya barabara, yeye hataki kuviona. Alikula akiambiwa ale. Redio ikiwashwa, alitoka nje. Tukaanza kuogopa kwamba tungewakosa wote wawili.

Binti yako mkubwa, dada yetu uliyemfundisha kazi, ndiye aliyemkabili.

"Baba, nataka nikimalizie kichwa chako kabla vifaa havijaondoka."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya aliyekianza."

Baba akatoa ufunguo mfukoni na kumpa. "Mimi siingii humo," akasema.

Dada alifanya kila kitu ulivyomwonyesha. Alitenga waya za mota zisiguse chuma. Aliweka spika mbili badala ya moja, ili mlio uwe mzito. Akajaribu kila moja peke yake: safi. Akaziunganisha, akawasha, na injini ya Baba ikalia kama mbu aliyeingia kwenye kopo. Akafungua, akaziba kijumba upya, akabadilisha dikoda. Mbu yule yule. Dada, ambaye msibani hakulia mbele za watu, aliinamia meza yako akalia.

Baba alikuwa sebuleni. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Kilio cha binti yake kilimuuma, lakini hata mlio ule wenyewe hakuweza kuuvumilia. Ulikuwa unaitia aibu injini yake. Akaja mpaka mlangoni.

"Zinamezana," akasema.

"Nini, Baba?"

"Hizo spika. Mama yako ziliwahi kumtesa hivyo siku nzima, nami siku nzima nikasikiliza manung'uniko yake. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Pindua waya za moja."

"Kumbe kazi unaijua."

"Sijui chochote. Nilioa fundi, basi."

Dada akafuta machozi, akapindua zile waya, akawasha. Injini ikaamka polepole, chini kwanza, ngurumo ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya masikioni. Baba alikuwa ameshaingia chumbani, wala hakujua ameingiaje. Akafumba macho. Tukangoja.

"Bado," akasema.

Mama, hatujawahi kulifurahia neno kama lile.

"Bado nini?"

"Honi. Yangu ilianza kwa mkwaruzo, kama mtu anayesafisha koo. Shika hapo, nitakwambia." Akavuta kiti.

Tangu siku ile Baba hana nafasi. Wateja wako wamerudi. Dada analehemu waya kwa risasi, Baba anasikiliza, na asiporidhika, mteja hata awe na cheo gani atasubiri. Wanagombana tangu asubuhi, yule anasema mzee ana masikio ya kuonea watu, huyu anasema vijana mna haraka. Mchana Baba anakula bila kubembelezwa, tena anaulizia kilichobaki kwenye sufuria.

Wiki hii fundi wa ng'ambo ya barabara alikuja na toroli, kama alivyoahidiwa. Sisi tulikuwa tumesahau, Baba hakusahau. Alimlaki mlangoni, mikono imejaa vumbi la chuma.

"Nisamehe, ndugu yangu," akamwambia. "Vile vifaa vinatumika."

Yule bwana akacheka, akaomba aingie asikilize. Toroli lake lilibaki nje mpaka jioni.

Mama, pokea ubeti huu kutoka kwetu:

Chuma kilichonyamaza, wewe ulikisemesha,
Ukapima, ukakaza, risasi ukayeyusha,
Leo tunakisikiza, moyo kinatuamsha,
Kazi hatutailaza, njia umetuonyesha.

Unakumbukwa na mumeo mpendwa. Binti yako mkubwa, aliyeketi sasa kwenye kiti chako. Mwanao wa mwisho. Dada yako na wifi zako. Wakwe, wajukuu, majirani, na wateja wako wote, wakiwemo wale waliowahi kunguruma mbele yako.

Pumzika, Mama Honi. Maadamu tunasikia, hatutakusahau.