Marahaba Uliyoitanguliza

Baba,

Jana nilifika Kilosa, nikalikuta benchi lako la ufundi bado lipo bandani. Pampu nayo imefungwa kwa ile kamba yako ya katani, kana kwamba kuna mwizi anayetaka pampu isiyojaza upepo. Kaka Hamisi ndiye anayeshika spana sasa. Anajitahidi, ila rimu akiinyoosha upande huu inapinda upande ule, na wateja wako wa Chanzuru wanamwambia wazi kuwa mzee asingeitoa hivi. Anacheka tu, anaanza upya.

Mama amemaliza eda. Amepungua, lakini anakula. Nimekuja kumchukua akakae nami Mikumi, pale ninapowapikia madereva wa malori. Chumba nimemwandalia, hadi chandarua nimefunga. Amekataa.

Sababu ni wewe na mchezo wako. Mtoto akipita kimya, unamwahi kwa sauti, "Marahaba!" kabla hajafungua mdomo, naye anarudi kwa aibu kukusalimia. Mtaa mzima umefundishwa adabu na fundi baiskeli! Basi ulipoondoka, watoto wakaendelea kusalimia benchi. Mama yuko ndani kwenye eda, anasikia shikamoo zinapita bila mwenyewe, akashindwa kuvumilia, akawa anaitikia dirishani. Sasa ananiuliza, "Nikihamia huko kwako, watoto wa watu nani atawaitikia?"

Nilikuwa naikumbuka asubuhi ile.

Nilikuja kukupeleka hospitali. Kifua kilikubana hadi ukawa unapumzika katikati ya kujaza tairi moja. Ukasema kuna baiskeli ya mwalimu, acha niimalize, tutakwenda wiki ijayo. Nikapandwa na hasira. Nikabeba mkoba, nikapita mbele yako bila salamu wala kwaheri, mimi mtu mzima mwenye watoto wangu. Ukaniita mgongoni, "Marahaba, mwanangu!" Wateja wakaangua kicheko. Nilikusikia, Baba. Nilikusikia vizuri kabisa, nikakaza shingo, nikaenda kupanda gari.

Siku ya nne Hamisi akanipigia simu. Nilipofika ulikuwa umeshafunikwa. Nililia mpaka sauti ikakauka, lakini salamu yenyewe haikutoka.

Nimekukasirikia sana. Ungekubali kwenda, labda leo ningekuwa nakugombeza ana kwa ana. Kisha hasira ikanigeukia mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyokataa kuisha. Jana tu, tukiwa tunakula, Hamisi aliniambia kitu ambacho sikukijua. Kumbe gari lilipoondoka ulilitazama hadi likapotea, ukatabasamu, ukasema, "Mwacheni. Ataniletea tu salamu yangu." Nikalirudisha tonge sahanini.

Mama simhamishi. Nakuahidi nitakuja mimi, kila mwisho wa mwezi, nimletee mchele na nimsikilize akiitikia watoto wa watu. Na sitampita tena mtu ninayempenda nikiwa nimekaza shingo, hata akinikera kama ulivyonikera wewe.

Asubuhi hii nimesimama mbele ya benchi lako. Hamisi ameinamia gurudumu lake, amejifanya hanioni. Nimeileta, Baba.

Shikamoo.

Usijisumbue kuitikia. Ulishaitikia.

Mwanao